Visigino Mbele ya Wazee wa Kanisa

Mzee Hosea aliendesha malori miaka thelathini na minne, akastaafu akiwa na vidole vyake vyote kumi na hadithi zisizo na breki. Alibeba mbao kutoka Kifanya, akabeba viazi vya Njombe mpaka pwani, akabeba mahindi ya watu wasiojulikana kwenda kwa watu asiowakumbuka. Liganga alikwenda mara moja tu, kuchukua mawe ya chuma ya wapimaji, na safari hiyo moja ilimpa maneno mengi kuliko zote. Kwa simulizi yake, chuma cha kule kililipenda lori. Alizima injini, akashuka kujinyoosha, na lori likaanza kupanda mlima kinyumenyume, lenyewe, taratibu, kama ng'ombe anayerudi zizini. Ikambidi alifunge kwenye mti kwa kamba ya katani, maana mnyororo nao ungevutwa.

Watu wa Makambako walimpenda kwa hadithi hizo, na kwa sababu ya hadithi hizo hizo hawakumwamini hata walipomwuliza saa.

Aliyejua namna ya kumtumia alikuwa mmoja, Eveline, tabibu wa kituo cha afya, binti wa miaka thelathini na kitu mwenye miwani na kalamu iliyofungwa kwa uzi shingoni ili wagonjwa wasiondoke nayo. Kila Jumatano, siku ya kliniki ya sukari, alimpokea Hosea kwa kanuni ile ile.

"Mzee, chakula ulichokula ninakizidisha mara mbili. Hadithi zako ninazigawanya kwa nne. Hapo katikati ndipo tunapokutana."

Jumatano moja ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa imetulia na upepo wa Makambako ukipiga mabati kama unadai kitu, Eveline alimtoboa kidole, akaweka tone kwenye kimashine, akakisoma, akakunja uso.

"Kumi na nne. Miezi mitatu sasa haishuki. Asubuhi umekula nini?"

"Uji wa ulezi, kikombe kimoja. Bila sukari. Hata kijiko kilishangaa."

"Vikombe viwili," Eveline akaandika. "Soda?"

"Soda ninaiona ukutani kwenye matangazo."

"Pombe?"

"Daktari, mimi ni Mlutheri tangu tumboni mwa mama."

"Nimeuliza pombe, mzee, sijauliza dhehebu."

"Sinywi."

Na kwa hesabu zake hakuwa amesema uongo. Alichokunywa ni mtogwa. Majira ya mvua, mianzi ikichipua, mgema hukata ncha ya chipukizi asubuhi na jioni, utomvu ukadondoka kwenye kikombe cha mwanzi. Ukiachwa ulale, unachachuka na kuwa ulanzi, na ulanzi hakuna anayebisha kwamba ni pombe. Lakini ule wa siku hiyo hiyo, mtamu, unaoshika midomo kama asali, ndio mtogwa, na watu wa huko huupa watoto, bibi harusi na wageni wa heshima. Kwa hiyo si pombe. Na kwa kuwa hakuna mtu aliyeutia sukari, basi hauna sukari. Hosea alikuwa ameupitisha mtogwa katikati ya maswali mawili ya daktari kama alivyokuwa akipitisha lori katikati ya vizuizi viwili vya barabarani, bila kugusa huku wala kule. Lita tatu kwa siku.

"Dawa unameza?"

"Kama sala."

"Basi sielewi," Eveline alisema. "Mwezi ujao ikiwa hivi nitakuanzishia sindano. Panda kwenye kiti, tuangalie miguu."

Hosea alivua viatu, akapiga magoti kwenye kiti akishika mgongo wa kiti, nyayo zikining'inia nje. Eveline alichukua nyundo yake ndogo ya mpira, akagonga ule mshipa mnene wa juu ya kisigino. Wayo ukaruka, ukarudi. Wa pili ukaruka, ukarudi.

"Mishipa ya fahamu bado ipo nawe," alisema. "Siku nikigonga nisione kitu, ujue sukari imeshaanza kula nyaya. Huwa mtu hasikii hata akikanyaga moto."

Hosea hakuipenda habari ya moto wala ya sindano, na alipokuwa hapendi habari alibadilisha gia.

"Anayehitaji moto ni mke wangu," alisema, akiwa bado amepiga magoti. "Ana baridi yule mama, daktari, haijapata kuonekana hata Njombe mjini mwezi wa saba. Jana kaweka miguu jikoni, mkaa ukazimika. Ana sweta mbili, koti langu la udereva na blanketi, na bado anauliza nani kaacha mlango wazi."

"Mm," Eveline alisema akiandika.

"Na maneno yamepoa. Nikimwuliza chumvi iko wapi, jibu linakuja tumeshanawa mikono. Sauti yenyewe imeshuka. Yeye ni soprano tangu usichana, miaka ishirini na miwili anaongoza kwaya. Sasa akisema 'karibu' mbwa anasimama, anadhani nimerudi mimi."

Watu kwenye benchi la nje walicheka. Eveline hakucheka. Kalamu ilikuwa imesimama.

"Nigawanye kwa nne," alisema polepole, kama anayejisemea. "Baridi, robo yake. Uzito wa maneno, robo yake. Sauti ya kukwaruza. Mzee, amenenepa?"

"Uso umejaa. Hasa macho, asubuhi."

"Choo anapata?"

"Kwa miadi."

"Nyusi zake zikoje? Upande wa nje, huku masikioni, zipo?"

Hosea alijaribu kuukumbuka uso wa mkewe. Alikuwa ameishi na uso ule miaka arobaini na moja, na nyusi hazijui.

"Mlete kesho," Eveline alisema.

Nyumbani alimkuta mkewe Tabea amekaa juani kando ya ukuta, amejifunika blanketi, bahasha ikiwa magotini. Hosea aliinama akamtazama nyusi. Nusu ya nje haikuwepo, kama mtu aliyeanza kuchora akaitwa.

"Unatafuta nini... usoni kwangu, Baba Lidia?" Tabea aliuliza, kwa ile sauti mpya, nzito, ya kuburuta.

"Hiyo bahasha ni ya nini?"

Ilikuwa ya wazee wa kanisa. Anaitwa Jumamosi saa nane mchana kujibu tuhuma ya ulevi.

Hosea aliisoma mara mbili. Aliyemtuhumu alikuwa Mzee Elius, mzee wa kanisa wa mtaa wao, mtu mnyoofu kama rula. Wiki iliyopita alikutana na Tabea kwenye njia itokayo kwa Hilario, mgema wa Kikatoliki mwenye shamba la mianzi bondeni. Aliandika alichokiona: macho yamevimba, ulimi mzito, mwendo wa kuyumba, na mkononi dumu la lita tatu lililojaa.

Kila kitu kilikuwa kweli. Hata dumu. Ila dumu lilikuwa la Hosea, mtogwa wake wa siku hiyo. Magoti yalikuwa yanamuuma, akamtuma mkewe.

"Watanitenga," Tabea alisema. "Nitakaa benchi la nyuma. Meza ya Bwana... nitaitazama kwa mbali. Mpaka nisimame mbele niungame." Alipumzika kidogo. "Na mimi siungami nisilolifanya. Kwa hiyo nitakaa huko nyuma mpaka nife."

Alisema bila machozi, na hilo ndilo lililomtisha Hosea. Mtu anayelia bado ana hoja.

Alhamisi asubuhi walikuwa kituoni. Eveline alimshika Tabea mkono, akahesabu mapigo: hamsini kwa dakika. Akapitisha kidole kwenye ngozi ya kiwiko, iliyokauka kama gome. Akauliza kuhusu usingizi, nywele, choo. Halafu akamwomba apige magoti kwenye kile kiti.

"Mzee, sogea hapa utazame. Usitazame nyundo, tazama wayo."

Akagonga. Wayo uliruka upesi, kama wa mtu mwingine yeyote. Kurudi ndiko kulikokuwa na habari. Ulirudi kidogo kidogo, ukiwaza, kama mlango wa ghala wenye bawaba kavu. Eveline aligonga tena. Vile vile. Mara ya tatu hakugonga kwa kupima. Aligonga kwa furaha.

"Mama, una tezi hapa shingoni, ndogo, imekaa kama kipepeo. Ndiyo inayoupa mwili kasi. Nadhani yako imechoka. Ndiyo maana kila kitu kimepunguza mwendo, moyo, tumbo, ulimi, mpaka huu mguu."

Hosea alijua tezi moja tu duniani, ile ya wanaume, akakohoa akatazama dirishani.

"Mwaka mzima..." Tabea alisema. "Nilikwenda pale, nikaenda kule. Nikisema nasikia baridi, nesi naye kavaa koti. Ananiambia, mama, hata sisi."

"Ndiyo shida ya huku kwetu," Eveline alisema. "Mgonjwa wa hivi angekuwa Dar es Salaam, koti lake tu lingempeleka hospitali."

"Inatibika?" Hosea aliuliza. Hakuongeza kitu. Hata yeye alilisikia swali lilivyokuwa fupi.

"Kidonge kimoja kila asubuhi, kabla ya kula. Mwili utarudi, pamoja na sauti. Lakini kwanza kipimo. Damu nitaichukua leo, iende Njombe, majibu wiki mbili."

"Kikao ni keshokutwa. Tuandikie karatasi."

"Siandiki nisichokuwa nacho mkononi, mzee. Karatasi bila kipimo ni maneno yangu tu." Alimgeukia Tabea. "Ila mguu si karatasi. Mama akiridhia, waonyesheni."

"Wazee wa kanisa..." Tabea alisema, "wakae wanitazame visigino?"

"Walishakutazama macho wakaona ulevi. Wape kitu cha kutazama kinachojua kujibu."

Tabea alifikiri kwa muda wake. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Eveline alikuwa anafunga faili.

"Na hilo dumu wanalolisema lilikuwa la nini?"

"Maji," Hosea alisema upesi.

"Hayo nayagawanya kwa ngapi?"

Hosea alisoma tangazo la chanjo ukutani kwa bidii ya mwanafunzi. Tabea alimtazama mumewe, akamtazama daktari, akanyamaza. Mwaka ule alikuwa amechelewa kujibu kila kitu, lakini kunyamaza huku hakukuwa kwa tezi.

Ijumaa Hosea alikata kipande cha mpini wa jembe, akaviringishia mpira wa ndani wa baiskeli mpaka ncha ikawa nene na laini. Alipata nyundo. Sasa alihitaji visigino. Alianza kwa fundi cherehani wa jirani, akaenda kwa mwenye genge, akashuka bondeni kwa Hilario. Mgema alipiga magoti kwenye kigoda bila kuuliza, kwa maana kwa Hosea kuuliza kulirefusha mambo. Wayo wa Hilario uliruka kwa nguvu, ukapiga kikombe cha mwanzi kilichokuwa chini, mtogwa ukamwagika wote.

"Mzima kabisa," Hosea alisema.

"Na wewe sasa umefilisika," Hilario alisema. "Ndio uliokuwa wako wa leo."

Hosea aliutazama ukinywewa na udongo. Kwa kawaida angeuomboleza. Alijiona anawaza dumu, na njia, na mkewe akipanda kilima polepole amebeba utamu wa mtu mwingine.

"Uache uende," alisema. "Usinikingie tena."

"Mpaka lini?"

"Mpaka uone kaburi langu lina mianzi."

Jumamosi saa nane walikuwa wazee sita na Mchungaji Jacob, kijana mtulivu aliyezoea kuketi katikati ya watu wanaomzidi umri. Ofisi ya kanisa ilikuwa na meza moja, viti, na dirisha lililoitazama barabara ya Njombe. Mzee Elius alikaa kando ya mlango, chupa kubwa ya maji miguuni. Siku hizi hakuachana nayo. Alikuwa amepungua tangu kabla ya Kwaresima. Suti ilimning'inia, na mshipi wake ulikuwa umetobolewa matundu mapya kwa msumari. Mtaa mzima ulimsifu. Walisema anafunga na kuomba kwa ajili ya usharika.

Alisimulia alichokiona, bila kuongeza neno, kwani hakuwa mtu wa kuongeza. Katikati aliomba radhi, akatoka kujisaidia, akarudi, akamalizia.

"Mama Lidia," Mchungaji alisema, "una la kusema?"

"Mimi... ni mgonjwa," Tabea alisema. "Sijanywa."

Mzee mmoja alimtupia mwenzake jicho. Ule ulimi mzito ulikuwa umemshitaki upya.

Hosea akasimama. Minong'ono ikaanza kabla hajapumua.

"Mzee Hosea," Elius alisema, "tunakuheshimu. Lakini leo usituletee Liganga."

Wakacheka. Hosea naye alicheka, kisha akatoa mpini kwenye koti.

"Leo sisemi mengi. Naomba kiti kimoja."

Tabea alivua viatu na soksi mbili mbili, akapiga magoti kwenye kiti kwa adabu ile ile aliyopigia magoti madhabahuni siku ya harusi yao, akaivuta sketi ifunike mashavu ya miguu. Hosea aligonga. Wayo ukaruka upesi, ukarudi kwa safari ndefu. Wazee walisogeza shingo. Aligonga mguu wa pili. Vile vile.

"Tezi ya shingoni imechoka," alisema. "Mwili wote umepunguza mwendo. Damu yake iko Njombe inapimwa."

"Umemfundisha," Elius alisema. "Nawe unajua kufundisha."

"Mguu haufundishiki. Njoo upigwe wewe, tuone kama unaweza kuuchelewesha."

Mchungaji Jacob, labda kwa kuepusha ugomvi, ndiye aliyevua viatu kwanza. Alipiga magoti kwenye kiti, joho la mamlaka likabaki kwenye msumari ukutani. Wayo wake uliruka na kurudi hata jicho halikufaidi. Alijaribu kuuzuia, ukaruka vile vile. Mzee wa pili akajaribu, wa tatu akajaribu, na ofisi ikaanza kuwa na furaha ya watoto waliopata mchezo. Mzee mmoja aliomba arudiwe.

Akabaki Elius. Alivua kiatu kwa hasira, na soksi ilipotoka ilikuwa na doa la damu kwenye unyayo. Kichwa cha msumari kilikuwa kimechomoza ndani ya kiatu, kikamchimba, na alikuwa amekuja nacho kwa miguu toka kwake, kilomita mbili, bila kuchechemea.

"Umejichoma," Mchungaji alisema.

Elius aliutazama mguu wake kama kitu kilichookotwa. "Sikusikia," alisema.

Hosea aligonga. Hakuna kitu. Akagonga tena, mahali pale pale palipomrusha mgema. Wayo ulining'inia tu. Akabadilisha mguu. Kimya.

Hapo Hosea alikuwa ameshika ushindi ambao angeuuza kwa mwaka mzima. Aliyemtuhumu mkewe yuko magotini mbele yake, mguu umemkataa, wazee wote wanaona. Hadithi ilikuwa imeshajipanga yenyewe mdomoni, na mkia wake na pembe zake. Ila aliikumbuka sauti ya Eveline kuhusu nyaya, akaitazama chupa ya maji, akautazama mshipi wenye matundu mapya.

"Elius," alisema taratibu, "unakunywa chupa ngapi kwa siku?"

"Nne. Tano. Kiu tu."

"Usiku unaamka kwenda haja?"

"Mara sita. Kwani inahusu nini?"

"Na kufunga kwako. Unafunga kweli?"

Elius alibaki na magoti kwenye kiti. Alikuwa mtu mnyoofu, na unyoofu ule haukumwacha hata sasa.

"Sifungi," alisema. "Ninakula kuliko zamani. Watu walisema ninafunga, nikaona aibu kuwakatalia."

Hakuna aliyecheka. Ugonjwa mmoja walikuwa wameuita ulevi, mwingine wameuita utakatifu, na yote mawili waliyafanya kwa moyo safi.

"Jumatano nitakupitia," Hosea alisema. "Tutakwenda wote kwa Eveline. Huenda ni uzee tu, uzee nao hunyamazisha visigino. Lakini nadhani ni sukari. Mimi naijua, ninalala nayo chumba kimoja."

Mchungaji Jacob alivaa viatu vyake akiwa anafikiri. "Bado kuna dumu," alisema kwa upole. "Dumu halina kisigino."

Tabea alifungua mdomo. Hosea alijua atakachosema, kwamba ni maji, na kwamba angekisema polepole, kwa ajili ya mumewe, yeye ambaye hakupata kusema uongo.

"Dumu lilikuwa langu," Hosea alisema. "Mtogwa. Nanunua kwa Hilario kila siku, lita tatu. Magoti yaliuma, nikamtuma. Hajaonja. Na daktari nimemficha miezi mitatu."

Wazee walimtazama. Walijua hadithi zake zote, na katika zote Hosea alikuwa shujaa. Hii ya sasa haikuwa na shujaa. Ndipo walipoiamini.

"Kikao hiki hakina tuhuma," Mchungaji alisema. "Mama Lidia, shuka kitini. Tusamehe."

"Nikimaliza... kuvaa soksi," Tabea alisema.

Jumatano kimashine kilimsoma Mzee Elius ishirini na mbili. Eveline alimrudia kwa kidole kingine, ikawa ile ile, akaosha kidonda, akamwanzishia dawa siku hiyo hiyo. Alimwambia ukweli wote: mishipa iliyolala huenda isiamke, lakini mguu utabaki wake akiukagua kila jioni, na kiu itaondoka. Elius alisikiliza kama anayesikiliza neno la uzima. Alipotoka, kliniki nzima ilimwona ameshika viatu mkononi, akivikung'uta kimoja kimoja kabla ya kuvivaa.

Halafu Hosea akaingia.

"Daktari, yale maji yalikuwa mtogwa."

Eveline aliweka kalamu chini, akavua miwani, akajishika kipaji cha uso. "Mtogwa. Nami nauliza pombe, nauliza soda. Nimezaliwa Kidugala, nimekulia mtogwa, na sikuuliza." Akavaa miwani. "Kiasi gani?"

"Lita tatu kwa siku."

"Kwa hiyo sita."

"Hapana, mwanangu. Hii usizidishe. Ni tatu."

Eveline alimtazama kidogo, kisha akaandika tatu. Ilikuwa mara ya kwanza maneno ya Hosea kuingia kwenye faili yakiwa na ukubwa wao. Kwenye ukurasa wa mbele wa daftari lake la kliniki, chini ya *soda* na *pombe*, aliongeza mstari mpya kwa wagonjwa wote: *mtogwa, lita ngapi*. Habari ya sindano haikutajwa tena.

Majibu ya Tabea yalirudi kwa wakati. Kipimo cha tezi, ambacho kwa mtu mzima hakipiti nne na ushee, kwake kilikuwa themanini na mbili.

"Hata ukigawanya kwa nne," Hosea alisema, "bado ni ishirini na nusu."

Tabea alianza kumeza kidonge chake alfajiri, kabla ya chai, kwanza kidogo, kisha kikaongezwa. Wiki ya tatu alivua koti la udereva. Wiki ya tano alivua sweta moja. Wiki ya saba Hosea alisikia mtu anaimba jikoni, akatoka kuangalia ni redio ya nani.

Siku ya Pentekoste kanisa lilijaa mpaka milangoni. Mzee Elius, suti ikianza kumkaa tena, alisimama kwenye matangazo akasema yeye mwenyewe, bila kuongeza wala kupunguza, kwamba alimshuhudia Mama Lidia vibaya, na kwamba huyo huyo ndiye aliyemwokolea mguu. Kisha akaketi. Hakuwa na chupa.

Tabea akatoka mbele ya kwaya. Alikuwa amevaa gauni jepesi la kitenge, mikono wazi, katika ubaridi uliowafanya wenzake wote wajikunyate kwenye masweta. Aliinua mkono, akaanzisha peke yake, na soprano ile ikapanda juu ya mabenchi, juu ya madirisha, juu ya mabati. Hosea baadaye alidai treni iliyokuwa inaondoka stesheni ilisimama kusikiliza, na abiria wakashuka. Treni ya saa ile haikuwepo. Lakini Mchungaji Jacob alifuta macho, na hilo lilionwa na watu mia nne.

Jumatano iliyofuata sukari ya Hosea ilisoma saba. Kwenye benchi la nje aliwasimulia wagonjwa wapya habari ya kiti, wayo na msumari, kama ilivyokuwa, na wote wakacheka wakasema mzee huyu muongo. Eveline alitoa kichwa mlangoni.

"Hiyo msiigawanye," alisema, akarudi ndani.

Jioni walikaa kula, ugali na maharage na mboga za maboga. Hosea alionja, akanyoosha shingo.

"Mama Lidia, chumvi iko..."

"Mbele yako," Tabea alisema, "na usiiguse, daktari kasema presha nayo inapanda, na hiyo kofia yako iondoe mezani, na Hilario kapita hapa anakuuliza kama umekufa."

Hosea aliacha mkono ukiwa umesimama hewani. Alikuwa amesahau mwanamke yule alivyo na kasi.